Mlango wa Abiria Ulifungwa, wa Jikoni Ukabaki Wazi

Mafunzo ya meli za starehe wakati wa korona kwa kila mwenye nyumba

Nyumba nyingi za kwetu zina milango miwili. Uko mlango wa mbele, unaopokea wageni na salamu zao. Na uko mlango wa uani, unaopitisha kuni, maji na chakula. Maradhi yanapoingia mtaani, mwenye nyumba hukimbilia kufunga ule wa mbele. Ule wa uani huusahau, kwa kuwa wanaopita huko si wageni: ni watu wa nyumbani, wanaofanya kazi ambazo nyumba haiwezi kukaa siku moja bila ya kuzipata.

Kosa hili si la watu wasiojua kusoma. Mwaka 2020 lilitendeka ndani ya meli moja kubwa ya starehe, iliyokuwa na madaktari na mitambo ya kila namna, na ulimwengu mzima ukitazama. Katika makala haya twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za safari za baharini katika miaka ya ugonjwa wa korona, jinsi sheria za vipimo na karantini zilivyotungwa, zilivyoshindwa na zilivyorekebishwa. Huenda wengi wetu hatutapanda meli za namna hiyo maisha yetu yote. Hata hivyo meli ni nyumba inayoelea, na yaliyowapata waliokuwamo yaweza kumpata mama yeyote anayeuguza mtu chumbani.

ASILI YA KARANTINI

Karantini si jambo jipya, na tangu mwanzo lilikuwa jambo la meli. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliamuru wasafiri watokao penye tauni wakae mbali na mji kwa siku 30. Baadaye muda huo uliongezwa ukawa siku 40, na kutokana na neno la Kiitalia lenye maana ya arobaini ndipo tulipopata jina karantini. Mji wa Venezia nao ulitenga kisiwa kizima kwa ajili ya wagonjwa wa tauni mwaka 1423.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki nayo inaifahamu desturi hiyo. Katika kisiwa cha Changuu, mkabala wa mji wa Unguja, liko jengo lililojengwa katika miaka ya 1890 kwa nia ya kuwa gereza, lakini likaishia kuwa mahali pa karantini. Wasafiri wa majini walizuiliwa huko wiki moja au mbili, wakaangaliwa kama wana homa ya manjano, kisha ndipo wakaruhusiwa kuingia mjini.

Yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kumtenga mgonjwa ni kumweka mbali na wenzake mtu ambaye ugonjwa wake umekwisha julikana. Karantini ni kumweka kando mtu anayeonekana mzima, kwa kuwa alikuwa karibu na mgonjwa, tukisubiri tuone kama naye ataugua. Jambo la kwanza ni rahisi kukubalika. La pili ni gumu, maana mtu anajiona hana neno, na kila siku inayopita humwongezea manung'uniko.

Korona ililifanya jambo hili la pili kuwa gumu zaidi. Mtu aliyeambukizwa huweza kukaa siku kadhaa kabla ya kuona dalili yoyote, na tangu mwanzo wa mlipuko wataalamu waliuweka mpaka wa siku 14. Tena wako wanaoambukizwa wasione dalili hata moja, huku wakiwapa wengine.

MELI KATIKA BANDARI YA YOKOHAMA

Tarehe 20 Januari 2020 meli iitwayo Diamond Princess iling'oa nanga katika bandari ya Yokohama, Japani. Ilikuwa imechukua watu kutoka mataifa zaidi ya 50. Ilipita Kagoshima, ikafika Hong Kong, ikaenda Vietnam na Taiwan, ikarudi kwa njia ya Okinawa. Katika abiria wake alikuwamo mzee wa miaka 80, aliyepandia Yokohama na kushukia Hong Kong tarehe 25 Januari. Tarehe 1 Februari ilithibitishwa kwamba mzee yule alikuwa na korona.

Meli iliporudi Yokohama tarehe 3 Februari, maofisa wa afya walipanda na kuanza kuwauliza watu hali zao na kuwapima wachache. Usiku ule na siku iliyofuata abiria waliendelea kutembea ndani ya meli na kula pamoja. Asubuhi ya tarehe 5 majibu ya kwanza yalitoka: katika watu 31 waliopimwa, 10 walikuwa na virusi. Hapo ndipo abiria wote walipoamriwa kuingia vyumbani mwao na kukaa humo kwa siku 14.

Katika meli hiyo walikuwamo watu 3,711, yaani abiria 2,666 na wafanyakazi 1,045. Wengi wa abiria walikuwa wazee, na umri wao wa kati ulikuwa miaka 69. Wazee hao waliingia safarini na dawa za kutosha siku za safari tu: dawa za moyo, za sukari, za shinikizo la damu. Sasa siku zikaongezeka na dawa zikaanza kwisha, na maombi ya dawa yakamiminika. Wenye vyumba vya bei kubwa walikuwa na dirisha na roshani ya kupungia hewa. Wenye vyumba vya ndani hawakuwa na hata tundu la kuonea mbingu, nao waliruhusiwa kutoka sitahani kwa zamu, makundi madogo madogo, wakivaa barakoa na kukaa mbalimbali.

Kila siku idadi iliongezeka. Japani wakati ule haikuwa na uwezo wa kupima watu wote kwa mara moja, basi walianza na wenye dalili na wale waliokuwa karibu nao, wakafuata wazee wa miaka 80 na zaidi, kisha wengine. Mtu aliyelala chumba kimoja na mgonjwa alilazimika kuanza upya kuhesabu siku zake. Hatimaye watu 712 walionekana wameambukizwa, ambao ni karibu mmoja katika kila watano. Kiasi cha nusu ya hao hawakuwa na dalili yoyote siku walipopimwa. Waliokufa hawakupungua 13.

Zaidi ya hayo, meli haikuwa na mwenyewe mmoja wa kutoa amri. Ilikuwa ikipeperusha bendera ya Uingereza, ikiendeshwa na kampuni ya Marekani, na imefunga gati katika bandari ya Japani. Mambo yalipoharibika kila mmoja alikuwa na sehemu ya jukumu, na hapana aliyekuwa nalo lote.

NANI ALIYEBEBA SINIA?

Sasa tuufikie ule mlango wa uani.

Watu 2,666 waliofungiwa vyumbani hawakuweza kupika wala kufua. Kila asubuhi, mchana na jioni mtu alipaswa kuwafikishia chakula mlangoni, kisha arudi kukusanya vyombo vilivyotumika. Kazi hiyo ilifanywa na wafanyakazi wa meli. Abiria aliambiwa asitoke chumbani. Mhudumu aliambiwa atoke, apite ujia mzima, mlango baada ya mlango. Baada ya kazi mhudumu huyo alishuka katika sitaha za chini, akala pamoja na wenzake, akalala katika chumba cha watu wawili au zaidi, akatumia bafu moja na wengine.

Kwa maneno mengine, karantini ile iliwahusu abiria peke yao. Wafanyakazi ndio walioiendesha, na wao wenyewe hawakuwamo.

Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha matokeo yake waziwazi. Hadi tarehe 9 Februari wafanyakazi 20 walikuwa wamethibitika kuwa na ugonjwa. Katika hao 20, watu 15 walikuwa wa idara ya chakula, waliowapikia na kuwaandalia wenzao na abiria. Na 16 kati ya hao 20 walikuwa na vyumba katika sitaha ya tatu, ambako ndiko watu wa chakula walikolala. Wa kwanza wao alikuwa ameanza kuona homa tangu tarehe 2 Februari, siku tatu kabla ya karantini kutangazwa.

Si haki kuwalaumu wahudumu hao. Walitimiza amri waliyopewa, na bila ya wao wazee wale wangeshinda na njaa. Lakini ugonjwa hauchagui mtu kwa cheo chake wala kwa bei ya tikiti yake. Ugonjwa hufuata njia ya pumzi na mkono, na njia ya mkono katika meli ile ilipita jikoni.

Profesa mmoja wa Kijapani wa maradhi ya kuambukiza, Kentaro Iwata wa Chuo Kikuu cha Kobe, aliingia melini tarehe 18 Februari, na baada ya kutoka alieleza hadharani kwamba hakuona mpaka ulio wazi kati ya mahali salama na mahali penye hatari. Serikali ya Japani haikukubaliana naye katika yote. Hata hivyo jambo moja halikuwa na ubishi: wafanyakazi wengi walianza kuhesabu siku zao za karantini pale tu abiria walipokwisha kuondoka. Nahodha wa meli, Gennaro Arma, raia wa Italia, alikuwa mtu wa mwisho kushuka, tarehe 1 Machi 2020.

MELI ZILIZOKOSA BANDARI

Habari za Yokohama zilipoenea, bandari nyingi zilianza kuogopa meli yoyote ya starehe, hata isiyo na mgonjwa. Meli iitwayo Westerdam ilikataliwa na nchi moja baada ya nyingine mwezi Februari 2020, ingawa hapana aliyejulikana kuwa na korona ndani yake, mpaka Kambodia ilipoipokea katika bandari ya Sihanoukville tarehe 13 mwezi huo. Meli nyingine, Zaandam, iliyotoka Buenos Aires tarehe 7 Machi, ilizunguka Amerika ya Kusini ikifungiwa milango, na watu wanne walifia ndani yake kabla ya kupokelewa Fort Lauderdale, Marekani, tarehe 2 Aprili.

Kinyume chake kilitokea Sydney, Australia. Tarehe 19 Machi 2020 abiria zaidi ya 2,600 wa meli Ruby Princess waliruhusiwa kushuka na kwenda zao, kabla ya majibu ya vipimo vya wagonjwa waliokuwamo kupatikana. Walitawanyika kwa treni, kwa ndege na kwa magari. Vifo 28 vilihusishwa na safari hiyo, na tume ya uchunguzi ikaundwa. Basi tunaona kwamba kufunga mlango kwa hofu ni kosa, na kuufungua kwa haraka ni kosa vilevile.

Tarehe 14 Machi 2020 idara ya Marekani inayoshughulikia kuzuia maradhi ilipiga marufuku safari za meli za starehe katika maji ya nchi hiyo. Abiria walirudishwa makwao. Lakini wafanyakazi je? Viwanja vya ndege vilikuwa vimefungwa, mipaka imefungwa, na nchi nyingi hazikutaka kuwapokea hata raia zao watokao melini. Makumi ya maelfu ya wapishi, wahudumu, wafagiaji na wanamuziki walibaki baharini kwa wiki nyingi, wengine kwa miezi, na wengi wao mikataba yao ya kazi imekwisha. Meli hazikuwa na wageni tena, ila watumishi wao walikuwa wamefungiwa humo.

VIPIMO NA SHERIA MPYA

Safari zilipoanza tena katikati ya mwaka 2020, somo lilikuwa bado halijaeleweka vyema. Mwishoni mwa Julai meli iitwayo Roald Amundsen ilifika Tromsø, Norwe, na vipimo vikaonyesha kwamba wafanyakazi wake 36 wana virusi, wengi wao wakiwa Wafilipino waliokuja kazini kutoka mbali. Abiria walikuwa wamekwisha shuka. Kampuni iliomba radhi na kusimamisha safari zake. Kwa mara nyingine ugonjwa ulipita mlango wa uani.

Mwezi uliofuata meli kubwa ya kwanza ilianza tena safari katika bahari ya Mediterania. MSC Grandiosa iliondoka Genoa, Italia, tarehe 16 Agosti 2020 kwa taratibu kali. Kila abiria alipimwa kabla ya kupanda. Wafanyakazi walipimwa na kutengwa kabla ya kuanza kazi. Meli haikujazwa. Waliotaka kushuka bandarini walikwenda kwa makundi yaliyoongozwa na meli yenyewe, wakarudi pamoja. Familia moja ilipojitenga na kundi lake huko Naples ilikataliwa kupanda tena. Wako waliosema huo ni ukali uliopita kiasi. Lakini fikiri: watu maelfu wamekubali kuchokozwa pua kwa kijiti cha pamba ili wakae salama pamoja; je, ni haki mtu mmoja avunje ahadi yao kwa matembezi ya saa mbili?

Hata hivyo kipimo peke yake si ngao. Mwezi Novemba 2020 meli ndogo iitwayo SeaDream 1 iliondoka Barbados. Abiria wake wote walikuwa wamepimwa kabla ya kupanda, na wote walionekana hawana kitu. Siku chache baadaye mmoja akaugua, na wengine wakafuata. Sababu yake si ngumu kuielewa. Kipimo hueleza hali ya mtu saa ile alipopimwa. Aliyeambukizwa jana, leo kipimo hakimwoni. Kesho kutwa kitamwona, naye amekwisha kula meza moja na wenzake. Kwa hiyo hapana budi kipimo kirudiwe, na kati ya kipimo na kipimo mtu aendelee kujihadhari kana kwamba hakupimwa.

Kipimo huweza pia kumsingizia mtu. Tarehe 9 Desemba 2020 meli Quantum of the Seas, iliyokuwa ikizunguka baharini bila ya kwenda bandari yoyote, ilirudi Singapore haraka kwa sababu mzee wa miaka 83 alionekana ana korona. Abiria karibu 1,700 walikaa vyumbani wakingoja. Mzee alipimwa tena na tena nchi kavu, ikabainika kwamba hakuwa na ugonjwa. Hasira zingeweza kuwa nyingi, lakini tendo lile halikuwa upuuzi. Lilionyesha kwamba utaratibu unafanya kazi: mgonjwa ameshukiwa, ametengwa, amepimwa mara ya pili, na watu wote wamerudi nyumbani.

Huko Marekani marufuku iliondolewa kwa masharti tarehe 30 Oktoba 2020, na meli ya kwanza yenye abiria waliolipa nauli, Celebrity Edge, iliondoka Fort Lauderdale tarehe 26 Juni 2021. Masharti yalikuwa mengi: maabara ndani ya meli, safari za majaribio, na baadaye chanjo. Lakini katika masharti hayo msomaji atazame hasa yale yaliyowahusu wafanyakazi. Kabla ya abiria yeyote kurudi, kila mfanyakazi aliyebaki melini alitakiwa apewe chumba chake peke yake chenye bafu lake, na wafanyakazi wapimwe mara kwa mara, hata wasio na dalili. Ilichukua maisha ya watu na miezi mingi kufika hapo. Mwishowe sheria ikamtambua mbeba sinia kuwa naye ni mtu anayeweza kuugua.

Masharti hayo hayapo tena. Mwezi Januari 2022 yalifanywa kuwa ya hiari, na tarehe 18 Julai 2022 mpango wote ukafungwa. Ugonjwa haukungoja sana kukumbusha kwamba bado upo: tarehe 12 Novemba 2022 meli Majestic Princess iliingia Sydney ikiwa na watu kiasi cha 800 walioambukizwa. Lakini safari hiyo wagonjwa walikuwa wamekwisha tengwa, wengi walikuwa wamechanjwa, na mji ulijua la kufanya. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura ya korona imekwisha.

MAFUNZO KWA NYUMBA ZETU

Korona imepungua makali, ila maradhi ya kuambukiza hayakwisha. Mafua makali, kifua kikuu, surua na maradhi ya kuhara hutembelea nyumba zetu kila mwaka. Kila ugonjwa una njia yake na dawa yake, na daktari ndiye wa kusema siku ngapi mgonjwa akae kando. Lakini kwa maradhi ya njia ya hewa kama korona na mafua, mambo yafuatayo yanafaa katika kila nyumba.

Kwanza, mchague mwuguzi mmoja. Asiwe bibi mzee wala mtu mwenye ugonjwa wa sukari au kifua. Desturi yetu ya kila jamaa kuingia chumbani kumpa mgonjwa pole ni desturi njema, lakini pole yaweza kutolewa ukiwa umesimama dirishani.

Pili, mlinde mwuguzi huyo. Jambo hili ndilo lililosahauliwa kule Yokohama. Yeye na mgonjwa wote wawili wavae barakoa wanapokuwa karibu. Apate sabuni yake na maji ya kutosha kwenye mlango wa chumba, anawe kila anapotoka. Apate pia muda wa kulala. Mwuguzi aliyechoka husahau kunawa.

Tatu, sinia liachwe mlangoni ikiwa mgonjwa anaweza kulichukua mwenyewe. Vyombo vyake vioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kuchanganywa na vya wengine. Atakayeviosha anawe mikono baadaye.

Nne, fungueni madirisha. Hewa inayopita haina bei. Ikiwa nyumba ni ya chumba kimoja, kitanda cha mgonjwa kiwe karibu na dirisha, na wengine walale mbali kadiri nafasi inavyoruhusu, kichwa cha mmoja kikielekea miguu ya mwenzake.

Tano, hesabuni siku za kila mtu, si za mgonjwa peke yake. Mwuguzi na wote walalao chumba kimoja na mgonjwa wanahesabiwa kuwa wamekuwa karibu naye. Mgonjwa akipona leo, si lazima mwuguzi naye awe salama leo. Asikimbilie sokoni, harusini au msibani kesho yake.

Sita, jueni dalili za hatari. Mgonjwa akipumua kwa shida, akiumwa kifua, akichanganyikiwa, au midomo yake ikibadilika rangi, apelekwe hospitali bila kukawia. Asingojwe mpaka kupambazuke.

Saba, mwenye kuzuiliwa aambiwe ukweli. Katika meli zile hofu kubwa ya watu ilikuwa kutojua: kesho kutakuwaje, dawa zitafika lini, jirani wa chumba cha pili yu hali gani. Mtoto au mzee aliyetengwa chumbani aambiwe kila asubuhi kinachoendelea, azungumzishwe mlangoni, apelekewe salamu. Kumtenga mtu si kumtupa.

NENO KWA WAZAZI WA MABAHARIA

Hatuwezi kufunga makala haya bila ya kuwataja vijana wetu. Miongoni mwa wanaoajiriwa katika meli za starehe wamo vijana wa pwani ya Afrika Mashariki, wapishi, wahudumu na wafua nguo. Mshahara wao husomesha wadogo zao na kuezeka nyumba za mama zao. Kazi hiyo ni ya heshima, na hatukusudii kumkataza mtu.

Lakini kabla kijana hajatia saini, mzazi akae naye wausome mkataba pamoja. Waulize: akiugua melini, nani atamlipia matibabu? Meli ikizuiliwa, mshahara utaendelea? Mkataba ukiisha naye yuko mbali, nani atamrudisha nyumbani? Atalala chumba cha watu wangapi? Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, uliopitishwa na Shirika la Kazi la Kimataifa, unampa baharia haki ya kutibiwa na haki ya kurudishwa kwao bila ya gharama yake. Basi maswali hayo si ufidhuli wala ukosefu wa shukrani. Ni maswali ya mtu anayejua haki ya mwanawe. Na anuani ya meli, jina la wakala na nakala ya mkataba zibaki nyumbani, mahali zitakapoonekana siku ya haja.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika meli zile mgeni alikuja akahudumiwa, na mwenyeji aliyemhudumia akaugua. Siku nyingine maradhi yatakapobisha hodi kwako, ndugu msomaji, na ukasimama kugawa kazi za nyumba, usianze kwa kuuliza mgonjwa amelala wapi. Uliza kwanza ni nani atakayempelekea uji, na huyo umemwekea nini cha kumlinda.